Sura ya Sita: Visu Kwanza, Mashine Baadaye

Ukiingia dukani kuulizia thiknesa, utaonyeshwa mota. Muuzaji atakutajia wati, atakutajia upana, kisha ataupiga mwili wa mashine kwa kiganja usikie uzito wa chuma. Visu hatavitaja. Viko ndani, vimefunikwa, na mnunuzi mgeni hana habari kwamba vinapaswa kuulizwa. Matokeo yake utaikuta thiknesa nzima kabisa, mota yake inaunguruma vizuri, imefunikwa turubai pembeni mwa banda na kugeuzwa meza ya makopo ya rangi. Visu vyake vilikwisha, na vya kubadilisha havipo mji mzima.

Sura hii ni ya mtu anayefanya useremala nyumbani, kwenye banda la uani au gereji isiyo na gari. Ushauri wangu kwake ni aanze kwa kuchagua visu, afuate umeme, kisha mwili wa mashine. Chapa ije nyuma ya vyote hivyo.

Kwanza tuelewane kazi yake. Thiknesa ina meza bapa chini na silinda ya chuma juu. Silinda imeshika visu viwili, vitatu au zaidi, na inazunguka kwa kasi. Mbele na nyuma yake kuna roli mbili zinazoubana ubao na kuuvuta upite chini ya visu. Umbali kati ya meza na visu ndio unene utakaopata. Mpango huu wa roli na visu vinavyozunguka ulipewa hataza Marekani mwaka 1828 kwa jina la William Woodworth, ukaonekana una pesa nyingi kiasi kwamba ulinzi wake uliongezwa muda mpaka 1856. Miaka yote hiyo wamiliki wa hataza na wenye viwanda vya mbao walikuwa wakivutana mahakamani. Baada ya hapo mashine ilibaki ya kiwandani kwa zaidi ya karne, chuma kizito kilichofungwa sakafuni. Ryobi ya Japani ilipotoa AP-10 yenye upana wa inchi 10, katika miaka ya 1980, ndipo thiknesa ikawa kitu ambacho mtu anaweza kukibeba mwenyewe kutoka stoo hadi uani.

Sasa lile linalowakwaza wengi. Thiknesa haiunyooshi ubao. Inachofanya ni kuufanya uso wa juu ulingane na wa chini. Ukiingiza ubao uliobonyea katikati au uliosokoteka, roli huulaza kwa nguvu, unanyooka kwa ule muda mfupi wa kupita chini ya visu, kisha ukitokea upande wa pili unarudia umbo lake. Utakuwa umepata ubao mwembamba zaidi, laini zaidi, uliopinda vilevile. Ndiyo maana karakana kubwa zina mashine mbili: plena ya kunyoosha uso mmoja kwanza, halafu thiknesa ya kuleta uso wa pili. Mwenye nafasi ya mashine moja tu anunue thiknesa, kwa sababu kazi ya plena inaweza kufanywa kwa njia nyingine, lakini kupata mbao kumi zenye unene mmoja kwa randa ya mkono ni adhabu.

Njia hiyo nyingine ni hii. Chukua kipande cha plaiwudi au MDF kilichonyooka, kirefu kuliko ubao wako. Ulaze ubao juu yake, sehemu iliyobonyea ikitazama chini, na kila mahali unapochezacheza uchomeke kabari nyembamba mpaka utulie. Gundisha kabari zisihame, piga kijiti cha kuzuia ubao usiteleze nyuma, kisha pitisha vyote pamoja kwenye thiknesa. Kwa kuwa roli sasa haziwezi kuulaza ubao, visu vinakwangua vilele tu, na baada ya mipito kadhaa uso wa juu umekuwa bapa. Ugeuze, ondoa plaiwudi, endelea kama kawaida. Inachukua muda, na kwa mbao ndefu inachosha, ila plaiwudi moja haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya plena.

Kisha zitazame mbao unazonunua, kwani ndizo zitakazoamua visu gani vikufae. Mpaini wa Sao Hill kule Mufindi na saiprasi ni laini. Kisu chochote kinaziweza, na kero yake ni utomvu unaoganda kwenye roli na meza mpaka ubao unagoma kwenda. Mbao hizi nyingi hupasuliwa kwa zile mashine ndogo za dingdong, hivyo ubao mmoja unaweza kuwa mnene kichwani na mwembamba mkiani. Pima sehemu nene kuliko zote kabla ya kuweka kina cha kwanza, la sivyo mashine itameza vizuri mwanzo na kukwama katikati. Mninga unarandika vizuri na hausumbui visu. Mkongo ni mwingine: nyuzi zake zinapishana, tabaka moja likielekea huku na jingine kule, kwa hiyo kisu kikilainisha hapa kinang'oa pale. Mkangazi nao una tabia hiyo.

Mvule una mawe. Nasema mawe kwa maana yake halisi: vinundu vya kalsiamu kabonati vinavyojijenga ndani ya mti, na kwa nje huvioni mpaka kisu kikutane navyo. Mtiki, wa Longuza au wa Mtibwa, una silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga, na unayala makali polepole hata ubao ukiwa safi kabisa. Halafu mwambao wote, kutoka Lamu hadi Kilwa, kuna wanaopenda kutengeneza samani kwa mbao za majahazi yaliyozeeka na milango ya nyumba kongwe. Mbao hizo ni nzuri, lakini zimejaa chumvi, mchanga na misumari iliyokatikia ndani. Msumari mmoja unatosha kukata pengo kwenye visu vyote kwa mpigo, na kuanzia hapo kila ubao utakaoupitisha utatoka na mstari ulioinuka kama mshono. Usilete mbao za jahazi kwenye thiknesa bila kuzipitishia sumaku kali au kipima chuma, na hata hivyo uwe tayari kupoteza makali.

Tuje basi kwenye visu vyenyewe.

Aina ya kwanza ni visu vyembamba vya makali mawili, vya kugeuza na kutupa. Ndivyo vilivyo kwenye mashine nyingi za kubebeka. Makita 2012NB ina viwili, upana wake milimita 304. DeWalt DW735 ina vitatu, upana milimita 330. Uzuri wake ni kwamba vinakaa kwenye vipini vyake bila kupimwa: unafungua skrubu, unageuza upande wa pili, unafunga, na baada ya dakika chache unaendelea na kazi. Mtu asiye na uzoefu hawezi kuvikosea. Ubaya wake ni kwamba kisu cha mashine hii hakiingii kwenye ile, matundu yake na upana wake ni vya modeli moja, na wembamba wake hauvumilii kunolewa mara nyingi. Ukikinoa kinapungua upana, na kwa kuwa kinashikwa na vipini hakina nafasi ya kusogezwa nje. Umenunua mashine, na umejifunga kwa msambazaji mmoja wa visu kwa maisha yote ya mashine hiyo.

Aina ya pili ni visu vinene vya chuma cha HSS, kwa kawaida vya milimita 3, vyenye makali upande mmoja. Hivi vimo kwenye mashine nzito za mota ya indaksheni, nyingi zikiwa za China, na kwenye mashine kombaini zenye plena na thiknesa pamoja. Vinanoleka tena na tena, vinasogezwa nje kadiri vinavyopungua, na kisu cha urefu unaokaribia kinaweza kukatwa kikafaa. Kwa mtu wa Songea, Kigoma au Bukavu, hii ndiyo aina ningemshauri bila kusita. Ila vina masharti. Ni lazima vipangwe kwa geji ili vyote vitoke kwenye silinda kwa kiasi kilekile. Kimoja kikizidi hata sehemu ndogo ya milimita, hicho peke yake ndicho kinachofanya kazi, vingine vinasindikiza. Na visinolewe kwa grainda ya mkono kwa kukisia. HSS inavumilia joto kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo shida kubwa si kuungua, shida ni mstari. Ukali usionyooka huchora mawimbi kwenye ubao. Tafuta mwenye mashine ya kunolea yenye reli, mweleze unataka pembe ileile ya awali, ambayo mara nyingi ni karibu nyuzi 40, na umwambie anoe seti nzima kwa pamoja. Visu vikirudi viweke kwenye mizani ya jikoni. Kimoja kikiwa kizito kuliko wenzake, silinda itatetemeka, na mtetemo kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika huua beringi.

Visu vinene vina neema nyingine ndogo. Kisu kikipata pengo kwa msumari, unaweza kukisogeza kimoja kushoto au kulia kwa milimita moja au mbili. Mapengo hayalingani tena, kila kisu kinafuta mstari wa mwenzake, na ubao unatoka safi bila kunoa chochote.

Aina ya tatu ni kichwa chenye visu vidogo vingi vya kabaidi, vya mraba, vimepangwa mshazari kuizunguka silinda. Kila kimoja kina pembe nne za makali; upande mmoja ukichoka unalegeza skrubu, unakizungusha robo, unakaza. Msumari ukigonga unaharibu viwili vitatu, si seti nzima. Kwa mtiki na kwa mkongo wenye nyuzi zinazopishana, hakuna kinachokaribia aina hii: inakata kidogokidogo kwa mshazari, haing'oi, na kelele yake ni ya chini. Bei yake ndiyo inayowatoa watu mbio. Pia inaitaka mota nguvu zaidi, kwa hiyo kwenye mashine ndogo utalazimika kupunguza kina cha kila mpito. Ukiamua kuifuata, uliza kipimo cha kisu kimoja. Vikiwa vya mraba wa milimita 14 au 15, vipimo vinavyotumiwa na watengenezaji wengi, hutafungwa na msambazaji mmoja. Vikiwa vya umbo la pekee, umerudi kule kwa msambazaji mmoja. Na unapozungusha kisu, safisha kitako chake kwa brashi. Chembe ya vumbi chini yake hukiinua, na kisu kilichoinuka huacha mstari kwenye kila ubao mpaka ukitafute na ukipate.

Watengenezaji hupenda kujisifu kwa idadi ya mikato, na hapo hesabu ndogo inasaidia. DW735 inazungusha visu vitatu mara 10,000 kwa dakika, yaani mikato 30,000. Ubao ukienda kwa kasi kubwa, karibu mita 8 kwa dakika, unapata mikato karibu 4 kwa kila milimita. Ukiupunguzia kasi hadi mita 4 na ushei, inafika 7. Makita 2012NB ina visu viwili na mizunguko 8,500, na inauvuta ubao mita 8.5 kwa dakika: mikato 2 kwa milimita. Kwenye karatasi tofauti inaonekana kubwa. Kwenye mninga ulionyooka nyuzi, macho hayaioni, na kwa vyovyote utapiga msasa kabla ya kupaka vanishi. Kwenye mkongo utaiona. Sioni sababu ya mtu wa mpaini na saiprasi kulipia mikato saba.

Umeme sasa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea kwa siku moja.

Tanzania na Kenya umeme wa nyumbani ni wa volti 230 hadi 240, Hz 50. Marekani ni volti 120, Hz 60. Japani ni volti 100, na nusu ya mashariki ya nchi inatumia Hz 50 huku ya magharibi ikitumia 60. Thiknesa iliyoletwa kama zawadi na ndugu aliyeko Houston, au iliyotoka kwenye kontena la mtumba la Kijapani, ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Temeke inaungua kabla ubao haujaingia. Soma bati la mashine kabla ya kuuliza bei.

Kama ina mota ya brashi, ileile aina inayotumika kwenye drili na grainda, Hz haziisumbui. Inachotaka ni volti yake, na transfoma inatosha. Lakini mashine ya ampea 15 kwa volti 120 inakula wati 1,800, na inapowaka inavuta kwa muda mfupi zaidi ya hapo. Transfoma ya VA 3,000 ndiyo kiasi cha chini ninachokiamini, tena iliyo nzito mkononi, maana kuna zilizoandikwa 3,000 ambazo hazibebi nusu yake. Ikiwa mota ni ya indaksheni, kama ile ya pampu ya maji, mambo yanabadilika. Mota hiyo hufuata Hz: iliyotengenezwa kwa Hz 60 ikija kwenye Hz 50 inazunguka kwa sehemu tano tu za sita za kasi yake, na volti isipopunguzwa ipasavyo inapata joto. Transfoma haibadili Hz. Mashine ya namna hiyo waachie wengine.

Za fezi tatu ni za kiwandani. Kuna mafundi watakaokuambia wanaweza kuiendesha kwa umeme wa nyumbani kwa kufunga kapasita. Inawezekana, ila mota inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na thiknesa ni mashine inayohitaji nguvu zote wakati ubao uko ndani.

Kwa ile ya volti 230 uliyonunua hapa hapa, hesabu ni rahisi. Soketi ya kawaida ya ampea 13 inaweza kubeba wati karibu 3,000, na mashine za kubebeka nyingi zinakaa chini ya 2,000. Kinachoziangusha ni waya wa kuongezea. Waya mwembamba wa mita thelathini uliozungushwa kwenye gurudumu lake unameza volti na kupata moto. Mota inazidiwa, inavuta umeme zaidi, inazidi kuchemka. Tumia waya wa milimita mraba 2.5, uufungue wote, uwe mfupi. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na majiko na taa zimeanza kufifia, usirande. Na kama mita yako ya LUKU inakusononesha, jua kwamba mashine hii haili umeme kwa saa nzima. Inaula kwa dakika, na ubao mmoja hauchukui nyingi.

Mota ya brashi ina kelele. Si ya kuvumiliwa bila viziba masikio, na kwa nyumba zilizobanana si ya kuwashwa alfajiri wala wakati majirani wamelaza watoto. Ya indaksheni inanguruma chini zaidi, lakini mashine yake haihamishiki. Chagua kulingana na majirani ulionao.

Mwili wa mashine una jambo moja la maana: ugumu wake wa kutotikisika. Ubao unapoingia, kwa sentimita chache za kwanza unashikwa na roli moja tu, na unapotoka hali ni hiyohiyo. Ukiwa mrefu na hauna egemeo, mkia unaning'inia, kichwa kinainuka kuelekea kwenye visu, na unapata kile kidimbwi cha mwisho wa ubao ambacho kila seremala anakijua. Mashine yenye nguzo nne imara na kufuli la kichwa inapunguza tatizo. Meza za kuongezea mbele na nyuma zinapunguza zaidi. Kulimaliza kabisa ni vigumu. Acha ubao uwe mrefu kwa sentimita 8 au 10 kila upande kisha ukate, au pitisha mbao zikifuatana kichwa kwa mkia ili roli zisipate nafasi. Vipande vifupi kuliko sentimita 30 usiviingize kabisa. Kipande kisichofikia roli ya pili kinabaki peke yake na visu, na hakuna anayejua kitarukia wapi. Kwa sababu hiyohiyo usisimame nyuma ya ubao bali pembeni, usiiname kuchungulia ndani, na glavu zivue.

Upana, ambao wauzaji wanaupigia debe, haustahili mjadala mrefu. Inchi 12 na nusu au 13 zinatosha. Ubao mpana kuliko huo ni adimu, ni ghali, na ukipatikana utaupasua katikati uutengenezee meza, kwa kuwa ubao mpana mzima hujipinda ukikauka. Kuhusu uzito, Makita niliyoitaja ina kilo 28 na DW735 ina karibu 42. Ya kwanza mtu mmoja anaihamisha. Ya pili iwekee meza ya magurudumu.

Vumbi lina uzito wake. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mbali na hilo, mninga unawasha pua na kifua cha baadhi ya watu, na mvule unaweza kuleta vipele na kubanwa pumzi. Randa nje au penye upepo, vaa barakoa inayobana uso, na kama unaweza funga kwenye mdomo wa mashine bomba la kunyonya. Maranda yenyewe ni mengi kuliko unavyodhani. Mbao chache tu zinajaza kiroba. Wafugaji wa kuku watayachukua kwa furaha, na hapo nina onyo: usirande mbao za kupaulia zilizotiwa dawa ya CCA, zile zenye rangi ya kijani. Dawa hiyo ina shaba, kromu na aseniki. Vumbi lake ni sumu, maranda yake hayafai bandani kwa kuku, na hayafai jikoni kuwa kuni.

Je, ni lazima ununue? Kwa anayetengeneza kitanda kimoja na kabati mbili kwa mwaka, nadhani hapana. Keko jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi, na pembeni mwa masoko ya mbao ya miji mingi, kuna wenye mashine kubwa watakaokurandia kwa malipo ya ubao au futi. Hasara yake ni kwamba mashine yao haina haraka ya kuuhurumia ubao wako. Wanaondoa unene mwingi kwa mpito mmoja, na ubao wa inchi moja unaweza kurudi ukiwa robo tatu au chini. Hasara nyingine ni kwamba mbao hubadilika. Ukiranda mninga leo, ukauacha wiki mbili, unaukuta umejikunja kidogo, hasa kama ulikuwa na unyevu au ulirandwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Mwenye thiknesa nyumbani anaacha milimita mbili za ziada, anaziacha mbao zitulie kwa siku kadhaa, kisha anamalizia siku ya kuunganisha. Kwangu mimi hiyo, na si kuokoa nauli ya kwenda Keko, ndiyo sababu ya kumiliki mashine.

Mashine za jua kali zinazochomelewa Nairobi na miji mingine nazo ziko sokoni, na bei yake inavutia. Plena ya jua kali naweza kuifikiria, kwa sababu ni meza mbili na silinda, na chochote kikiharibika aliyeitengeneza yupo. Thiknesa ya jua kali naiogopa: nguzo nne lazima zipande sawasawa, na hilo halipatikani kwa kuchomelea. Chungulia pia silinda yake. Ikiwa ni kipande cha chuma cha pembe nne chenye visu vilivyofungwa kwa boliti juu yake, badala ya silinda ya duara inayoficha visu, ondoka. Kwa upande wa pili wa mizani kuna mashine kombaini za Ulaya kama Hammer A3-31 ya Austria, plena na thiknesa katika mwili mmoja, upana wa milimita 310. Ni mashine ya raha. Kuifikisha Morogoro na kuipatia vipuri ni mradi mwingine kabisa.

Siku ya kununua, nenda na ubao wako mwenyewe, wa mti unaoutumia zaidi, wenye upana wa kutosha kujaza meza. Omba uwashiwe mashine uupitishe. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu. Ubao ukitoka, upime kwa kalipa kona zote nne: kushoto na kulia zikitofautiana, kichwa kimekaa upande, na uulize kama kinarekebishika. Zima mashine, chomoa waya, zungusha silinda kwa mkono usikilize beringi. Mlio wa mchanga ndani yake maana yake imechoka. Kama ni ya mtumba yenye mota ya brashi, fungua vifuniko viwili vya pembeni utazame brashi za kaboni zimebaki kiasi gani, kisha angalia roli za mpira kama zimepasuka au zimekuwa laini kama kioo, maana roli iliyoteleza haivuti.

Halafu, kabla ya kutoa pesa, mwambie akuuzie na seti mbili za visu vya ziada, zikiwa mkononi mwake, siku hiyohiyo. Akisema ataagiza, mwambie utarudi vikifika.